Posta ya Safari: Mmeuliza kuhusu bonde la Lauterbrunnen

Toleo lililopita tulitoa picha moja tu ya kijiji cha Lauterbrunnen kule Uswisi, kanisa dogo mbele, nyuma yake maji yanadondoka kutoka juu ya ukuta wa mwamba, na chini tukaweka mistari miwili ya maelezo. Basi, simu haijapumzika mpaka leo. Kuna wanaouliza kama picha imetengenezwa na kompyuta (hapana, maporomoko yanaitwa Staubbach, yanadondoka karibu mita 300 na yapo hapo hapo pembeni ya barabara ya kijiji), kuna wanaouliza viza, wengine nauli, na mmoja anataka kununua nyumba kabisa. Barua ni nyingi kuliko kurasa, kwa hiyo tumechagua zile ambazo jibu lake litamsaidia na jirani. Mimi ninayejibu naishi Bern, kutoka hapa mpaka bondeni ni saa moja na nusu hivi kwa treni, na nimeshapeleka wageni wa kila aina kule.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Kijana wangu anafanya kazi Stuttgart, amenialika mwezi wa sita na anataka tukae Uswisi siku nne tupande ile treni inayofika juu kwenye barafu. Nasikia tiketi yake ni hela nyingi mno. Je, inafaa? Na miguu yangu sio ya kupanda milima tena. (Bibi wa wajukuu watano, Moshi)

Shikamoo mama. Nianze na hiyo treni maana ndo inayowachanganya wengi. Inaitwa Jungfraubahn, inafika mahali panapoitwa Jungfraujoch, mita 3,454 toka usawa wa bahari, na wenyewe wanaitangaza kama stesheni ya treni iliyo juu kuliko zote Ulaya, na ni kweli. Tajiri mmoja wa Uswisi, Adolf Guyer-Zeller, ndo alianzisha kazi ya kuchimba mwaka 1896, akafariki 1899 reli haijafika mbali, na ikafunguliwa mpaka juu tarehe 1 Agosti 1912. Kilometa 7 na kitu ni handaki ndani ya mlima Eiger na Mönch, maana yake sehemu kubwa ya safari unaangalia ukuta mweusi. Ukitoka juu kuna theluji hata mwezi wa saba, kuna barafu ya Aletsch imelala upande wa pili kilometa zaidi ya 20, kuna maduka ya chokoleti na saa za mkononi, na kuna watu, watu, watu. Bei kamili kwenda na kurudi kutoka mji wa Interlaken msimu wa kiangazi inazidi faranga 200 za Uswisi kwa kichwa.

Sasa wewe mama ni wa Moshi. Kambi ya Horombo, ambayo nina uhakika wanafunzi wako kibao wamebeba mizigo ya wageni mpaka pale, iko mita 3,720. Yaani hiyo Jungfraujoch iko chini ya Horombo, na mlima Jungfrau wenyewe, mita 4,158, haujafika hata kwa Meru. Sisemi haifai, kama kijana analipa na moyo unataka, nenda, ila mwambie asinunue tiketi siku nyingi kabla. Asubuhi ile ile mfungue simu muangalie kamera za kule juu, zinaonyesha moja kwa moja, mkiona ni wingu jeupe tupu muache, maana ndani ya wingu hamtaona chochote na hela hairudi. Na kama una presha au moyo, muulize daktari wako kabla hujatoka Moshi, treni inakupandisha haraka kuliko mwili unavyopenda.

Ila mimi kama ningekuwa na siku nne na mama yangu mzazi, hela ile ningeilipia chumba kijijini. Bonde lenyewe ni jembamba, chini ni tambarare na majani, pande mbili ni kuta za mwamba zimesimama wima mamia ya mita, na juu ya kuta hizo kuna kama vibaraza ambako vijiji vimekaa. Upande wa mashariki ni Wengen, mita 1,274. Upande wa magharibi ni Mürren, mita 1,638, na chini yake kidogo Gimmelwald ambako wakazi ni mia na kitu tu. Gari la kawaida la mgeni haliendi Wengen wala Mürren, unaliacha chini. Wengen unapanda kwa treni ya meno, iliyoanza kazi 1893: katikati ya reli mbili kuna reli ya tatu yenye meno, na chini ya behewa kuna gurudumu lenye meno linaloshikana nayo, ndo maana haitelezi kurudi nyuma hata mlima ukiwa mkali. Kaa upande wa kulia ukipanda. Ukishuka Wengen unakuta vigari vidogo vya umeme vya hoteli vinasubiri mabegi, mbali na hivyo unasikia miguu ya watu na kengele za ng'ombe.

Kwa miguu yako sasa. Kutoka Wengen kuna gari la waya, lile la kuning'inia (ndo hilo tulilobishana kuhusu Kilimanjaro mwaka 2019), linapanda mpaka mlima Männlichen, zaidi ya mita 2,200, na kutoka pale kuna njia ya kutembea mpaka stesheni ya Kleine Scheidegg ambayo karibu yote inateremka taratibu, ni pana, saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida, kwako weka mbili na nusu na mapumziko ya chai. Mbele yako muda wote ni Eiger, Mönch na Jungfrau, mitatu kwa mstari. Lakini hakikisheni njia imefunguliwa, mwanzoni mwa mwezi wa sita theluji inaweza kuwa bado imekaa. Siku nyingine nendeni Trümmelbach, maporomoko kumi yaliyojificha ndani ya mlima wenyewe, yanateremsha maji ya barafu za milima hiyo mitatu, mpaka lita 20,000 kwa sekunde yakifurika, na mwezi wa sita ndo theluji inayeyuka kwa hiyo mtaikuta imejaa, ukuta unatetemeka ukiweka mkono. Kuna lifti ndani ya mwamba ila ngazi nazo zipo na zina maji, vaa viatu vyenye meno na umshike kijana mkono.

Mambo madogo madogo ya kumwambia: viza muombe ya Ujerumani kama siku nyingi utakuwa kwake, ile ile ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inaingia Uswisi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Laini yake ya simu ya Ujerumani aangalie mkataba, Uswisi haipo Umoja wa Ulaya na watu wengi wamerudi na bili ya intaneti inayotisha. Ile pasi ya treni ya watalii, Swiss Travel Pass, inawafikisha mpaka Wengen na Mürren bila kuongeza senti, ila juu ya hapo unapewa punguzo tu. Na mkitoka stesheni ya Interlaken Ost someni ubavuni mwa behewa, treni inakatwa vipande viwili kituo cha Zweilütschinen, nusu inaenda Grindelwald na nusu Lauterbrunnen, na wageni wanaojikuta bonde la jirani ni kila siku.

Assalaam alaykum. Tuko Muscat, familia ya watu saba, tunakimbia joto la mwezi wa saba. Wenzetu wengi wanakwenda Interlaken. Tunaulizia chakula cha halali, swala, na mke wangu anavaa niqabu, kuna tatizo? (Baba wa watoto watano, Muscat)

Waalaykum salaam kaka. Nianze na zito. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Uswisi nzima kuna sheria inayokataza kufunika uso hadharani, faini inafika mpaka faranga 1,000, na haiangalii kama ni mgeni. Hijabu, mtandio, baibui, hakuna shida yoyote, kilichokatazwa ni uso. Nimekwambia mapema ili mkae mjadili nyumbani kabla ya kulipa tiketi, msije mkakumbana nayo stesheni mbele ya watoto.

Chakula, Interlaken mna bahati, wageni wa Ghuba wamekuja miaka mingi na migahawa ya halali ipo. Huko juu vijijini ndo hakuna, kwa hiyo familia ya saba chukueni apatimenti yenye jiko, mpike wenyewe, na itawapunguzia gharama pia maana sahani moja ya kawaida mgahawani ni faranga 25 kwenda juu, zidisha kwa saba mara mbili kwa siku uone. Mchele na viungo bebeni. Nyama, maziwa na hiyo samli ya bibi acheni Muscat, forodha hawaruhusu vitu hivyo kutoka nje ya Ulaya. Alafu kuwa makini na hivi: fondyu, ile sufuria ya jibini inayochovywa mkate, kwa kawaida inapikwa na mvinyo mweupe na mara nyingi pombe kali ya cheri, usiagize bila kuuliza. Raklet, jibini linaloyeyushwa na kumwagwa juu ya viazi, yenyewe haipikwi na pombe. Rösti ni viazi vya kukuna vya kukaanga, watoto wanaipenda, ila muulize kama kuna bekoni maana wanapenda kuichanganya.

Swala. Hapa bonde linadanganya. Ukuta wa magharibi ni mrefu, kwa hiyo aliye chini Lauterbrunnen anaona jua limepotea nyuma ya mwamba alasiri wakati bado lipo angani kwa saa kadhaa. Mwanzoni mwa mwezi wa saba jua linazama kwenye saa 3 na robo, saa 3 na nusu usiku, na isha inakwenda mbali mno. Fuateni ratiba ya simu, msifuate macho. Kibla ni kusini mashariki. Watoto wako wakitaka jua la jioni chukueni nyumba Wengen, kibaraza chake kinaangalia magharibi.

Mkiwepo mpaka tarehe 1 Agosti ni sikukuu yao ya taifa, wanaihesabu toka mwaka 1291, usiku wanawasha mioto mikubwa juu ya milima na watoto wanatembea na taa za karatasi. Kaeni sehemu ya juu mwone mioto ya upande wa pili.

Sasa! Nimepata tiketi ya bei poa sana Nairobi–Zürich ya November. Nataka Lauterbrunnen, waterfalls na pia nijaribu skii. Nimeambiwa off-season ni cheap. Nilipe? (Msichana wa Nairobi)

Dada, ni bei poa kwa sababu. November ni mwezi ambao bonde limefunga macho: kiangazi kimeisha, skii haijaanza, hoteli nyingi za Wengen na Mürren zimefungwa wafanyakazi wamerudi kwao, magari ya waya yanafungwa kwa zamu yafanyiwe matengenezo, Trümmelbach imefungwa mpaka mwezi wa nne, Staubbach yenyewe maji yamepungua, na jua likiingia bondeni ni saa chache tu. Skii andika Desemba katikati mpaka mwezi wa tatu mwishoni.

Kama tiketi umeshalipa usilie. Lala Bern au Thun, uende bondeni siku moja yenye jua, na ujue kwamba mwezi huo tambarare zote zinafunikwa na ukungu mzito huku juu ni kweupe kabisa, kwa hiyo ukiamka ukaona kijivu dirishani sio lazima ukate tamaa, fungua kamera za juu. Jungfraujoch treni inakwenda mwaka mzima. Na Jumatatu ya nne ya November Bern kuna soko la vitunguu, Zibelemärit, vitunguu vimesukwa kama nywele vimejaa mji mzima na linaanza alfajiri kabla hata hakujakucha, nyie mnaopenda picha mtajaza simu.

Na ukipanga tena mwaka mwingine, kwepa katikati ya Januari kama huna hela: ndo mashindano ya skii ya Lauberhorn pale Wengen, yalianza 1930, kilometa 4 na nusu hivi za kuteremka kwa kasi inayofika kilometa 150 kwa saa na zaidi, na vyumba vinapatikana kwa wenye bahati. Mtu anayejifunza skii kwa mara ya kwanza mimi ningemwambia aanze na kigari cha mbao cha kukalia, unashuka njia iliyotengenezwa, breki ni visigino vyako. Utacheka zaidi na kuumia kidogo.

Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nina ng'ombe wanne. Nimeona video ya ng'ombe wamevalishwa maua vichwani wanashuka mlimani na kengele kubwa. Ni ya watalii au ndio ufugaji wao? Na wanapata faida gani kulisha juu huko? (Mfugaji, Njombe)

Hii barua nimeifurahia kuliko zote. Ni ufugaji wao kaka, watalii wamekuta. Mambo yako hivi: majani ya chini bondeni hawayalishi kiangazi, yanakatwa na kukaushwa yawe chakula cha miezi yote ya theluji ambayo ng'ombe wanakaa zizini. Kwa hiyo mwezi wa sita theluji ikitoka ng'ombe wanapandishwa malisho ya juu, wanakaa kama siku mia, na mwezi wa tisa wanashuka, na hapo ndo maua na kengele zile nzito za sherehe. Mwaka 2023 UNESCO iliuweka msimu huo wa malisho ya juu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, yaani desturi na ujuzi wa watu.

Maziwa ya juu hayateremshwi mengi, ni mbali, kwa hiyo wanatengeneza jibini hukohuko. Nimeingia kibanda kimoja juu ya Mürren asubuhi: sufuria ya shaba kubwa kama ya pilau la harusi imening'inizwa, moto wa kuni chini, mama mmoja amezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko anapima mgando kwa vidole, haangalii kipimajoto. Alafu yeye na kijana wake wakapitisha kitambaa chini ya mgando wakaunyanyua wote kwa mkupuo mmoja, maji yakamwagika, wakausukumia kwenye duara la mbao. Na kila siku, magurudumu yote ya jibini yaliyokwisha kutengenezwa yanageuzwa na kusuguliwa chumvi, moja moja. Hiyo ndo kazi inayowachosha, mama alisema, kukamua wala sio kazi.

Kitu cha kuiga Njombe ni mgao. Wafugaji wengi wanaweka ng'ombe wao pamoja chini ya wachungaji wachache, maziwa ya kila ng'ombe yanapimwa na kuandikwa, na mwisho wa msimu jibini linagawanywa kwa hesabu ya maziwa. Kule Justistal, sio mbali na hapa, mgao huo wa mwezi wa tisa unafanyika hadharani, magurudumu yamepangwa mafungu mafungu nje ya ghala na watu wanakuja kuangalia. Hakuna wa kulalamika kapunjwa, kila mtu anaona.

Faida? Nikuambie ukweli, kwa jibini peke yake wengi wasingeishi. Serikali inawalipa wafugaji wa milimani moja kwa moja, kwa sababu wakiacha, msitu unafunga malisho na bonde lote linabadilika. Mteremko ambao mashine haiwezi unakatwa kwa fyekeo refu la mikono miwili mpaka leo. Na wengi wana kazi mbili, kiangazi ng'ombe, kipupwe anaendesha gari la waya au anafundisha skii. Ukifika Gimmelwald utakuta vijisehemu vya kujiuzia mwenyewe mbele ya nyumba, jibini na soseji ziko kwenye friji, bei imeandikwa kwa mkono, kopo la hela pembeni, hakuna mtu. Weka noti sahihi, chenji hakuna.

Ng'ombe wao wengi hapa ni wa asili ya Simmental, bonde lisilo mbali na hapa ndo kwao, labda hata wewe una damu yake zizini.

Mwaka 2025 tuliona kijiji cha Uswisi kimefukiwa na barafu. Dada yangu anataka kupeleka watoto milimani. Kuna usalama kweli? (Mjomba, Bujumbura)

Kile ni Blatten, kiko bonde la Lötschental, upande wa pili wa milima ya huku. Wahandisi waliona mwamba wa juu unaanza kupasuka na mawe yanaporomokea kwenye barafu ya Birch, barafu ikalemewa ikaanza kusogea kwa kasi, basi tarehe 19 Mei wakatoa watu wote, kama 300, na mifugo. Tarehe 28 Mei ikashuka yote. Karibu kijiji kizima kikafukiwa na mtu mmoja alifariki, mmoja tu, kwa sababu watu walikuwa wametolewa siku tisa kabla. Joto linaongezeka na ule udongo ulioganda ndani ya miamba unalegea, kwa hiyo mambo haya yataendelea, hakuna wa kukudanganya. Lakini milima inayokaa juu ya watu inapimwa usiku na mchana, na wakisema tokeni watu wanatoka.

Kwa dada yako hatari ya kweli ni ya kawaida zaidi. Kuta za lile bonde hazina uzio kila mahali na watoto wanakimbia. Njia zenye alama ya njano ni za wote, zenye mistari nyeupe-nyekundu-nyeupe zinataka viatu vya mlimani na kichwa kisicho na kizunguzungu, zenye nyeupe-bluu-nyeupe asiguse. Njia ikiwekewa mnyororo na kibao imefungwa, hata kama mzungu mmoja ameruka kapita. Mvua ya radi inakuja mchana mchana kiangazi, watoke mapema. Namba ya helikopta ya uokoaji, Rega, ni 1414, aiweke kwenye simu. Watoto chini ya miaka 4 hawaruhusiwi Trümmelbach, asiwapeleke wakalie mlangoni. Na atawaona watu wanaruka kutoka juu ya mwamba na miavuli, ni mchezo wao maarufu pale na kila mwaka kuna wanaokufa, kwa hiyo wasikae malishoni wanakotua.

Kaka habari. Kuna ajenti Facebook anatafuta vijana wa kufanya kazi hotelini hukohuko milimani, mshahara mzuri, anataka milioni moja na nusu ya faili. Nina cheti cha hoteli. (Kijana, Mwanza)

Mdogo wangu, usitume hata mia. Hoteli ya Uswisi ikitaka mtu wa nje ya Ulaya lazima mwajiri mwenyewe aombe kibali kwa serikali ya jimbo, athibitishe kwamba amekosa mtu ndani ya Uswisi na Ulaya nzima, na vibali vyenyewe ni vya idadi maalumu kwa wenye ujuzi wa juu. Wanaotandika vitanda na kuosha vyombo bondeni ni Wareno wengi tu, wao wanaingia kwa haki ya Ulaya. Ajenti anayedai hela ya faili kwa kazi hiyo anakuibia. Hicho cheti chako kipeleke Zanzibar au Arusha, ukipata miaka mitano ya jikoni au mapokezi kwenye hoteli kubwa utakuwa na cha kuonyesha hata ukitaka kuomba shule ya hoteli nje.

Nina nafasi ya kununua chalet ndogo Wengen niwe napangisha kwa watalii. Nitaanzia wapi? (Mwekezaji, Dallas)

Kwa wakili, bosi. Mgeni asiyeishi Uswisi anahitaji kibali cha jimbo kununua nyumba ya likizo, sheria ipo toka miaka ya 80, na vibali vina idadi. Juu ya hapo mwaka 2012 wananchi walipiga kura kwamba kijiji ambacho nyumba za likizo zimepita asilimia 20 kisijenge nyingine mpya, kwa sababu vijana wa hapo walikuwa hawapati pa kuishi huku madirisha nusu ya kijiji yamefungwa miezi kumi. Lauterbrunnen yote watu ni elfu mbili na kitu, na siku za joto wageni wa mchana wamejaa barabara moja ile mpaka mwaka 2024 wakawa wanajadili kutoza kiingilio wanaokuja na magari. Ukinunua ukaifunga hawatakupenda.

Chaja zetu zinaingia? Na maji ya bomba? (Wengi)

Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii, na adapta nyingi za "Ulaya" za mduara mnene nazo zinagoma kwa sababu tundu la Uswisi limezama ndani na lina umbo la pembe sita. Nunueni iliyoandikwa Uswisi, au ile ya miguu miwili myembamba isiyo na mzunguko, inaingia. Maji ya bomba nyweni, na yale ya mabomba ya mbao yanayotiririka vijijini nyweni pia, isipokuwa pameandikwa "Kein Trinkwasser", maana yake sio maji ya kunywa.